Dawa ya Maji, Harufu Yake, na Kopo Lililotoka Dar es Salaam

Barua moja juma hili imetoka kwa baba wa upande wa Sikonge, nami nimeona niijibu peke yake, maana maswali yake ni ya nyumba nyingi. Anasema kwake wanateka maji katika kisima cha kuchimba kwa mkono. Tangu mvua zianze watoto wawili wanaharisha, na yule mdogo amekonda hata shati lamning'inia. Zahanati walimpa vidonge vya kutia katika maji, kidonge 1 kwa ndoo ya lita 20. Bibi wa watoto alipoyanusa maji yale alisema, "Haya ni maji ya hospitali," akaenda kujitekea yake kisimani, na wajukuu wakamfuata. Basi baba huyu akaanza kukata kidonge katikati, nusu kwa ndoo, ili harufu ipungue na amani irudi nyumbani. Sasa auliza: je, nusu yatosha?

Swali la pili ni hili. Kijana wake anafanya kazi Dar es Salaam katika nyumba ya tajiri mwenye bwawa la kuogelea uani, na kazi yake ni kulitunza bwawa hilo. Alipokuja likizo alimletea baba yake kopo la unga wa klorini wa bwawa, pamoja na kisanduku chenye vichupa na vidonge vidogo vya kupimia maji. Je, vitu hivi vyafaa kwa maji ya kunywa?

Nianze na jibu fupi, kisha nitaeleza. Nusu ya kidonge haitoshi kwa kisima cha namna ile wakati wa mvua. Kopo lisitumike kwa maji ya kunywa. Lakini kile kisanduku, baba yangu, ni mali. Kitunze kama saa yako ya mkononi.

Klorini si jambo geni la juzi. Bwana mmoja wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, aliipata mwaka 1774, nayo ikiwa peke yake ni hewa ya rangi ya kijani na manjano, kali sana, yenye kukaba pumzi. Katika vidonge na unga imefungwa pamoja na vitu vingine, na ikiingia majini hufunguka. Mwaka 1897 mji wa Maidstone huko Uingereza ulipatwa na homa ya matumbo, wakubwa wa mji wakasafisha mabomba ya maji kwa klorini. Mwaka 1908 mji wa Jersey City, Marekani, ukaanza kuitia kila siku katika maji ya watu wote. Tangu hapo miji mingi mikubwa ya dunia hunywa maji yenye klorini, nao wanazaa na kuongezeka. Nasema hivi kwa sababu kuna wanaonong'ona visimani kwamba dawa ya maji hufunga kizazi. Kama ingekuwa hivyo, miji hiyo ingekuwa mahame zamani.

Sisi watu wa Unyanyembe hatuhitaji mgeni atuambie kwamba maradhi husafiri pamoja na watu na maji yao. Njia ile ya misafara kutoka Bagamoyo, kupita Ugogo na Mgunda Mkali, kufika Tabora na kushuka mpaka Ujiji, iligawanywa kwa maji. Kituo kilikuwa pale penye maji, na pasipo maji hapakuwa kituo. Katika Mgunda Mkali wapagazi walikuwa wakifanya safari waliyoiita terekeza: walikula na kunywa adhuhuri, wakabeba mizigo jioni, wakalala nyikani bila maji, na kesho yake asubuhi wakafika kisimani. Fikiri sasa, watu mia tano wamefika pamoja penye kishimo kimoja, wana kiu, na baadhi yao wanaharisha. Wanakunywa, wanaoga, wanajisaidia vichakani karibu, kisha wanakwenda zao, na msafara mwingine unakuja nyuma yao.

Ndivyo kipindupindu kilivyotembea. Mwaka 1869 kilishuka kutoka nchi ya Wamasai mpaka Pangani, na mwishoni mwa mwaka kikaingia Unguja, kikaua watu maelfu. Mganga mmoja Mwingereza aliyekaa Unguja siku zile, James Christie, aliwauliza watu wa misafara mmoja mmoja ugonjwa waliuona wapi na lini, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1876, na kitabu hicho chaonyesha jinsi ugonjwa ulivyofuata njia za biashara. Hata Dr. Livingstone, ambaye nyumba aliyokaa pale Kwihara mwaka 1872 watoto wa shule hupelekwa kuitazama, aliandika habari za ugonjwa huo akiwa mbali huko Manyema mwaka 1870. Siku hizi hakuna wapagazi, lakini kuna mabasi na pikipiki. Mwaka 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam mwezi wa Agosti, na haukupita muda mrefu kikawa kimeingia katika mikoa mingi ya nchi yetu.

Sasa turudi kwenye kile kidonge. Wengi wanadhani dawa ya maji ni kama chumvi ya mboga, ukitia kidogo yakolea kidogo, ukitia nyingi yakolea sana. Sivyo. Hebu kumbukeni hongo ya Ugogo. Tajiri alitoka pwani na mizigo ya nguo na shanga. Mtemi wa kwanza alitaka hongo, wa pili alitaka hongo, wa tatu vivyo hivyo. Aliyetoka na mizigo mingi alifika Tabora na kitu mkononi. Aliyetoka na kidogo alifika mikono mitupu, au hakufika. Klorini nayo hulipa hongo majini. Tope latwaa sehemu yake, majani yaliyooza yatwaa yao, kutu ya chuma yatwaa yake, na vijidudu navyo. Kile kinachobaki baada ya wote kulipwa ndicho kinachoyalinda maji yako mpaka kesho. Wataalamu hukiita klorini huru iliyobaki, na hicho ndicho kinachopimwa.

Tufanye hesabu. Kidonge cha kawaida cha lita 20 kimeandikwa miligramu 67. Hizo ni uzito wa dawa yote iliyomo. Klorini inayotoka humo ni kama miligramu 40. Gawanya kwa lita 20, utapata miligramu 2 katika kila lita. Tuseme kisima cha baba wa Sikonge wakati huu chadai hongo ya miligramu 1.2 kwa lita. Akitia kidonge kizima, baada ya nusu saa itabaki 0.8, na maji ni salama. Akitia nusu, yaani miligramu 1 kwa lita, yote italiwa na bado hongo haijatimia. Hatabakiwa na kitu. Harufu ya dawa imepungua kweli, na ulinzi umetoweka pamoja nayo, na watoto wataendelea kuharisha, na bibi atasema, "Mnaona? Dawa yenu haina kazi."

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo: baada ya nusu saa ibaki klorini huru isiyopungua miligramu 0.5 kwa lita, ili vijidudu viwe vimekufa kweli. Katika maji yaliyowekwa nyumbani, hata baada ya saa 24 isipungue 0.2. Kwa upande wa juu, katika maji ya nyumbani yafaa isizidi 2, si kwa kuwa itakudhuru, bali kwa sababu watu watayakataa kwa ladha. Kiasi ambacho shirika hilo limeweka kuwa mpaka wa usalama wa maji ya kunywa ni miligramu 5 kwa lita.

Hapo ndipo kisanduku cha kijana kinapoonyesha thamani yake. Bwawa la kuogelea lina kawaida ya klorini huru miligramu 1 mpaka 3 kwa lita, na chombo kinachopima bwawa hupima ndoo vilevile. Fanya hivi. Suuza kichupa mara mbili kwa maji yale yale unayotaka kupima. Kijaze mpaka alama, kwa kawaida mililita 10. Tia kidonge kimoja kilichoandikwa DPD namba 1, bila kukigusa kwa vidole, maana jasho huharibu kipimo. Kiponde, funika, tikisa. Maji yakiwa na klorini huru yatageuka rangi ya waridi mara moja. Linganisha rangi hiyo na rangi za kwenye kibao, mchana, mahali penye mwanga wa kutosha lakini si juani. Soma upesi; ukikaa ukipiga soga rangi itabadilika. Kisha mwaga maji hayo, usiyanywe wala usiyarudishe ndoo.

Kuna mtego mmoja ambao hata watunza mabwawa hunaswa nao. Klorini ikizidi mno, inakula rangi yenyewe. Maji yanabaki meupe, au yanapiga waridi kufumba na kufumbua kisha yanafifia, na mtu anadhani hakuna klorini hata kidogo, anaongeza nyingine. Ukiwa na shaka, chukua maji hayo kijiko kimoja, uyachanganye na vijiko tisa vya maji yaliyochemshwa na kupoa, yasiyotiwa dawa, upime tena. Rangi ikitokea sasa, ujue umezidisha. Zidisha jibu kwa 10 utapata kiasi chake.

Katika kisanduku kuna pia kipimo cha pH, yaani kuonyesha kama maji yana uchachu au yana umagadi. Kwa bwawa hutakiwa kati ya 7.2 na 7.8. Kwetu, jambo la kujua ni kwamba maji yenye umagadi mwingi, pH ikipita 8, huifanya klorini kuwa nzito kazini. Kama kisima chako kiko hivyo usingoje nusu saa, ngoja saa nzima au zaidi.

Watu huniambia, "Mimi sina kisanduku, napima kwa pua." Pua husaidia kidogo tu. Kijana wa Sikonge atakuwa anajua jambo hili la ajabu: bwawa linalonuka sana dawa mara nyingi halina klorini ya kutosha. Harufu ile kali inayochoma macho hutoka pale klorini inaposhikana na jasho na mkojo wa waogeleaji, nayo ikisha kushikwa hivyo haina nguvu. Basi maji ya ndoo yanaweza kunuka kidogo na kuwa salama, na mengine yanaweza kunuka zaidi na yasiwe salama. Lakini kama baada ya nusu saa hayanuki hata chembe, shuku, na urudie.

Jambo kubwa kuliko yote kwa kisima cha wakati wa mvua ni tope. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yatakula dawa yako yote. Kwanza yaache yatulie usiku kucha katika chombo kimoja, kisha yamimine polepole katika kingine uache mashapo chini. Shabu kidogo, ile ya dukani, huyasaidia kutulia, na mbegu za mlonge zilizotwangwa hufanya kazi hiyo hiyo, ila maji ya mlonge yatiwe dawa siku ile ile, maana yakikaa huharibika. Kisha chuja kwa kanga kuukuu iliyooshwa na kukunjwa mara nne. Huko Bangladesh akina mama walifundishwa kuchuja kwa nguo za sari zilizokunjwa hivyo, na habari iliyotolewa mwaka 2003 ilionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu vijijini kwao walipungua karibu nusu. Nguo tu! Maji yakiwa bado na ukungu baada ya hayo, tia vidonge 2 kwa lita 20 badala ya kimoja.

Na mtungi je? Najua hapa nitawaudhi akina mama, maana hakuna maji matamu kama ya mtungi uliokaa kivulini. Lakini udongo wa mtungi nao hudai hongo. Maji yenye dawa yakiwekwa mtungini hupoteza klorini upesi kuliko yakiwekwa katika dumu la plastiki. Wekeni dawa katika dumu lenye mdomo mwembamba na kifuniko, liache nusu saa, na muwe mkimimina mtungini kiasi cha kunywa siku hiyo tu. Mtungi usuguliwe mara kwa mara. Na ile kata inayoning'inia ukutani, ikishikwa na kila mkono, ikizamishwa pamoja na vidole! Kata hiyo imewaugulisha watoto wengi kuliko kisima. Mimina, usichote.

Juu ya mama yako mzazi, baba yangu, nisingeanza kwa kubishana naye. Tia dawa jioni kabla ya kulala. Asubuhi mimina maji kutoka chombo hiki mpaka kile mara tatu nne yapate hewa, na harufu itapungua sana, nawe upime mbele yake uone kama 0.2 bado ipo. Mwonyeshe ile rangi ya waridi. Kisha pima maji ya kisima mbele yake, aone hayana rangi yoyote. Wazee wetu hawakatai jambo wanaloliona kwa macho. Hukataa wanapoamriwa na watoto wao.

Sasa kopo. Unga wa bwawa si dawa ya maji ya kunywa, ingawa klorini ni ndugu moja. Nyingine zimechanganywa na dawa ya kuzuia klorini isiliwe na jua, kwa kiasi cha bwawa si kiasi cha tumbo. Nyingine zina vitu vya kuua ukoga. Tena nguvu yake ni kubwa mno kwa ndoo: kijiko kimoja cha unga wa asilimia 65 ni gramu nyingi, na ndoo yahitaji miligramu 40 tu. Nani atapima hayo kwa kijiko cha chai? Kopo hilo lirudi Dar es Salaam. Wakati linangoja, liwekwe pakavu mbali na watoto, mbali na mafuta ya taa, mbolea, na asidi ya betri. Lisichanganywe kamwe na unga wa bwawa wa namna nyingine, kwa maana aina mbili zikikutana zaweza kuwaka moto zenyewe. Vivyo hivyo dawa ya kung'arishia nguo yenye manukato au sabuni isitiwe katika maji ya kunywa.

Kama ni kukisafisha kisima chenyewe, kazi hiyo hufanywa kwa klorini ya maji ya kunywa, pamoja na fundi wa chombo cha watumia maji au bwana afya. Mfano wa hesabu yao: kisima chenye upana wa mita 1.2 na maji ya kina cha mita 2 kina lita kama 2,260. Wakitaka miligramu 20 kwa lita, watahitaji klorini gramu 45, yaani unga wa asilimia 70 kama gramu 65. Huyeyushwa kwanza ndoo, humwagwa, watu hawateki usiku ule, na kesho yake maji huvutwa na kumwagwa mpaka kipimo kishuke. Lakini usidanganyike kwamba kisima kimepona kwa mwaka mzima. Maji mapya yanaingia kila saa, na siku chache tu klorini imekwisha. Kusafisha kisima hakuondoi dawa ya ndoo.

Na wale waliofikiwa na bomba, hata wale wa Nzega, Igunga na Tabora mjini wanaopata maji ya Ziwa Victoria, nao wapime. Klorini inayotiwa mtamboni hupungua njiani. Bomba likikatika na kurudi, huvuta uchafu kwenye mipasuko yake. Pima kwenye bomba la mwisho wa mstari, si lile lililo karibu na tangi, na ukikuta pungufu ya 0.2 mwambie fundi wenu wa maji. Ni haki yenu.

Neno moja kwa ndugu wa Igunga na wale wa mpakani na Shinyanga na Singida, ambako visima vingine vina madini ya floridi yanayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Klorini haiyaondoi. Kuchemsha nako hakuyaondoi, kunayazidisha, maana maji yanapungua na madini yanabaki. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Hapa kwetu mwaka 1974 vijiji viliruhusiwa kwa muda mpaka 8, kwa sababu ya uhaba wa maji. Kama meno ya watoto wenu yako hivyo, ombeni maji yapelekwe maabara, na kwa kunywa tumieni maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, yakiwa na dawa.

Msisahau misiba. Nyumbani waweza kuwa mwangalifu mwaka mzima, kisha watu mia mbili wakaja matangani, na pipa moja la lita 200 likawekwa chini ya mwembe na kikombe kimoja juu yake. Vidonge 10, nusu saa ya kungoja, kifuniko, na mtu mmoja mzima aliyenawa mikono wa kuwamiminia wote. Katika kigango chetu kazi hiyo sasa hupewa kijana mmoja kwa jina, kabla jeneza halijafika, na hakuna anayeona kwamba ni kumdharau marehemu.

Watoto wako wawili wapelekwe zahanati, baba yangu, usingoje matokeo ya kipimo. Wapewe maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, yaliyokorogwa katika maji salama, pamoja na vidonge vya zinki kama watakavyoelekezwa. Na vile vidonge vya maji ulivyokata katikati, nusu zilizobaki zitupe: zikisha pata hewa hupoteza nguvu. Fungua kidonge wakati wa kukitumia tu, na tazama tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye karatasi yake.

Juma lijalo nitamjibu mama wa Urambo anayeuliza juu ya kukinga maji ya mvua kwenye paa la bati lenye kutu.